Sahani Niliyoikataa Jamhuri

Mambo yangu yaliharibika Alhamisi tarehe tatu Aprili mwaka jana, siku ya chapati.

Siku ya chapati ni ile ya mwisho kabla shule haijafungwa. Shule yetu ni ya wasichana, ya bweni, iko huko nyumbani magharibi, mbali na lami. Jina lake silitaji kwa sababu shule haikukosa. Majengo hayakosi. Waliokosa ni watu, na hao nitawataja. Muhula mzima wasichana wanakula mahindi na maharagwe, halafu siku hiyo moja wanapata chapati na nyama, na wanaimba nje ya jiko tangu kupambazuka.

Mke wangu Peres alikuwa mpishi hapo. Mimi niko Kinoo, natengeneza sofa kando ya Waiyaki Way. Yeye alishika boma na jiko la shule, mimi nikashika nyundo huku mjini. Wengi wa kwetu wanaishi hivyo. Asubuhi ile alikuwa amekanda unga na wenzake, wameanza kusukuma, akashika kifua. Akaketi kando ya moto. Akawaambia wenzake wageuze chapati zisiungue.

Shule ina gari. Jeupe, limeandikwa jina la shule ubavuni, tulilichangia sisi wazazi. Siku ya kulipokea mwalimu mkuu, Madam Maureen, alisema kwenye kipaza sauti kwamba litabeba wagonjwa kwanza na mambo mengine baadaye. Nilipiga makofi mpaka viganja vikawasha. Lakini siku ya chapati gari halikuwepo.

Binti yetu Awuor alikuwa kidato cha tatu hapo hapo shuleni. Walimtoa darasani wakamwambia mama yako ameanguka. Wakatafuta bodaboda. Mama akawekwa katikati, Awuor nyuma akimshika kiunoni, na mvua ilikuwa imenyesha, na barabara ile ni udongo mweusi unaoshika gurudumu kama gundi. Walianguka, wakainuka, wakaanguka tena. Peres alikata roho kabla ya kufika kwenye lami, kichwa chake kimelala juu ya mgongo wa mwenye pikipiki.

Mimi nilipigiwa simu nina misumari mdomoni. Sofa ile sikuimaliza. Mwenyewe alikuja akaichukua bila kitambaa.

Kesho yake shule ilifungwa kama kawaida. Walisoma matokeo, wakanyamaza dakika moja, kisha wakala chapati za Peres zilizobaki jana yake.

Kwenye mazishi niliuliza gari lilikuwa wapi. Madam Maureen akasema lilikuwa kwenye shughuli za shule. Nikauliza shughuli gani. Akasema shughuli za shule. Mwenyekiti wa bodi, Jackton Were, mtu wa ukoo wetu kabisa, akanishika bega akasema tusimsumbue marehemu. Awuor alikuwa ameniambia kitu kimoja tu: asubuhi ile aliona gari likipakiwa viti vya shule na tenti. Na wiki hiyo nyumbani kwa Jackton walikuwa wanajiandaa kupokea wageni wa harusi ya kijana wake. Sisemi kitu. Mimi nilisoma mpaka darasa la sita, siwezi kujua shughuli za shule zinaonekanaje. Nauliza tu. Bawabu aliyefungua lango asubuhi ile naye angeweza kuulizwa, lakini kabla muhula wa pili haujafunguliwa alikuwa ameshaachishwa kazi.

Sasa, sisi wazazi wa Nairobi tuna desturi. Kila muhula ukifungwa, mwalimu mkuu na mwenyekiti wanakuja mjini kutuletea habari za shule, kwa sababu wengi wetu hatuwezi kwenda kule. Tunakutana ukumbi wa kanisa pale Jamhuri, habari zinasomwa, wasichana wanaokaa mjini wanaimba, halafu tunakula. Muhula wa pili ulipokaribia kufungwa, siku ya baridi na manyunyu, Jackton alikuja Kinoo mwenyewe.

Nilikuwa na Dedan. Dedan ndiye mwenye ploti ninayofanyia kazi, mtu wa Kinoo tangu babu yake, na kila siku anakuja kukaa kwenye kazi yangu na kuikosoa.

"Omera," Jackton akasema. Ndivyo tunavyoitana kwetu, ndugu kwa ndugu. Viatu vyake vilikuwa visafi, akawa anatafuta mahali pa kukanyaga. "Unashindaje?"

"Nashinda na mbao."

Akaketi kwenye sofa bila kukaribishwa.

"Hiyo bado springi hazijafungwa," nikamwambia.

"Mwache tu," Dedan akasema. "Springi zinajua mtu wa kushika."

Jackton akainuka, akajipangusa suruali. Akacheka kidogo, kile kicheko cha mtu aliyezoea kuchekewa yeye. Akasema amekuja na jambo jema. Jiko jipya la shule limeisha. Bodi imekaa na kupitisha kwamba litaitwa kwa jina la Peres. Siku ya mkutano nitatambulishwa mbele ya watu wote, na mimi ndiye nitakayefungua chakula.

"Sahani ya kwanza ni yako," akasema. "Ukishaonja, ndio watu wote wale. Hiyo ni heshima, omera. Hata mimi sijawahi kupewa."

"Na gari?"

"Gari gani?"

Nikaendelea kupiga msumari.

"Mambo ya gari tuliyaacha kaburini," akasema.

"Kaburini nilimwacha Peres. Gari sikulizika."

Alitazama barabarani muda mrefu, kama mtu anayesubiri lori lipite ndipo aongee. Halafu akashusha sauti. "Awuor ni msichana mwenye kichwa. Mwaka ujao ni kidato cha nne. Kuna uongozi wa wanafunzi, kuna maneno mazuri ambayo mwalimu mkuu anaweza kumwandikia. Hizo vitu zina mahali zinatoka. Mtoto hawezi kusoma vizuri pahali baba yake anapigana. Fikiria kama baba."

Alipoondoka, Dedan alipangusa sofa pale Jackton alipokuwa ameketi.

"Baba Awuor," akasema, "kwani ukila chakula kuna nini? Sisi huku watu wanachukiana wakila sahani moja. Wanaenda kortini asubuhi wakiwa wameshiba."

Nikamweleza. Kwetu, kifo kikiwa na maneno, aliyefiwa hali chakula cha anayelaumiwa mpaka maneno yatolewe mbele ya watu. Akila, amesema yameisha. Hakuna kurudi nyuma. Hata nikienda kwa chifu kesho, nitaulizwa mbona ulikula. Jackton anajua hivyo vizuri, amekulia boma la pili kutoka letu. Jina la jiko ni mchuzi tu. Alichokileta ni ile sahani.

"Basi usiende," Dedan akasema.

"Nisipoenda watasema mjane amekataa heshima ya mke wake."

"Beba chakula chako kwa mkebe."

"Dedan."

"Nimesema tu."

Shule ilifungwa Ijumaa na Awuor akafika jioni, akateremsha sanduku lake la bati mlangoni. Tunaishi chumba kimoja, yeye anapata kitanda, mimi nalalia sofa ambayo haijanunuliwa. Tangu tumzike mama yake hakuwa ameongea tena kuhusu siku ile. Nilimweleza alichosema Jackton, yote, na pia lile neno la kidato cha nne. Sikutaka alisikie kwa watu.

"Nikila, yameisha," nikamwambia. "Nikikataa, wewe ndiye utakayerudi kule. Mimi nitabaki hapa na mbao zangu, hakuna wa kunifanya kitu."

Alikuwa anapiga pasi sketi ya sare, kwa sababu wasichana walikuwa wameambiwa waje na sare ili waimbe na wahudumie wageni maji ya kunawa. Alipiga pasi mkunjo mmoja mpaka nikadhani utaungua.

"Watapika chapati?" akauliza.

"Sijui."

"Zikiwa chapati mimi sishiki."

"Nakuuliza wewe unataka nifanye nini, mama." Ndivyo nimwitavyo, kwa kuwa amebeba jina la mama yangu mzazi.

"Twende tu, baba. Twende tusikie watakavyosema."

Jumamosi tulishuka Adams Arcade tukatembea mpaka Jamhuri, manyunyu yakitulowesha mabega. Kitu cha kwanza nilichokiona nje ya ukumbi ni gari la shule. Jeupe, limeoshwa mpaka magurudumu, jina la shule ubavuni. Madam Maureen na Jackton walikuwa wamekuja nalo. Awuor alilitazama likiwa limeegeshwa chini ya jakaranda kana kwamba alikutana na mtu anayemjua.

"Leo liko," akasema. Kisha akaingia ndani.

Ukumbi ulijaa. Nyuma kabisa Millicent, kiongozi wa wazazi wa Nairobi, alikuwa amepanga sufuria na wanawake wenzake. Millicent anauza nguo Kawangware na sauti yake haihitaji kipaza. Yeye na Peres waliolewa kijiji kimoja mwaka mmoja, wakachota maji mto mmoja. Palikuwa na samaki, kuku, ugali, wali, na ndiyo, chapati, zimefunikwa kwa kitambaa.

Madam Maureen akasoma habari za muhula. Mwanamke nadhifu, miwani ya dhahabu, anaongea kama redio. Wasichana wamefika fainali za kaunti kwenye mpira wa wavu. Ng'ombe wa shule amezaa ndama jike. Mwalimu wa kemia amefunga ndoa. Maabara imepata mabati mapya. Kidato cha nne wamepanda kidogo kwenye hisabati, na hapo akamwinua mwalimu Kitavi, kijana wa Ukambani anayefundisha somo hilo, tukampigia makofi. Kila neno lilikuwa jema. Mtu angedhani shule nzima haijawahi kuugua hata mafua.

Halafu akafika kwa Peres. Akasema mama yetu mpendwa alitumikia shule mpaka dakika ya mwisho. Akasema Mungu alimpenda zaidi. Akasema jiko jipya litabeba jina lake, na kwamba mumewe, Mzee Nashon, yuko nasi, na kwa niaba ya familia atatufungulia chakula.

Jackton akasimama na kipaza. "Na mjue hivi, wazazi. Leo hakuna mtu atakayegusa chakula kabla ya baba Awuor. Hata mimi. Hata Madam. Yeye ndiye mkubwa wetu leo. Sahani ya kwanza ni yake."

Watu wakapiga makofi. Sahani ikaletwa. Chapati mbili zimekunjwa, paja la kuku, mchuzi unatoa moshi. Sikuwa nimekula tangu jana yake, na sitasema kwamba harufu haikuniingia. Nikaishika kwa mikono miwili, nikasimama.

"Nashukuru," nikasema. "Nashukuru kwa jina la jiko. Kabla sijala, nina swali moja, nalo ni fupi. Siku ya chapati, Peres alipoanguka, gari la shule lilikuwa wapi?"

Vichwa vyote vikageukia meza kuu.

"Mzee Nashon," Madam akasema kwa upole, "tuna utaratibu. Maswali yana mahali pake."

"Hapa ndipo mahali pake. Wazazi walionunua gari wako hapa. Aliyesema litabeba wagonjwa yuko hapa. Gari lenyewe liko hapo nje limeoshwa. Anayekosekana ni mgonjwa."

"Baba Awuor," Jackton akasema, akitabasamu kwa ajili ya watu, "chakula kinapoa."

"Hata Peres alipoa."

Nikaenda mpaka meza kuu, nikaweka sahani mbele yao wawili, katikati, nikarudi nikaketi.

Jackton akacheka kidogo tena. Akasema majonzi ni majonzi, tumwelewe mzee, na sasa watu wajipange wapate chakula. Wasichana wapite na maji ya kunawa.

Hakuna aliyeinuka.

Hapo ndipo nilipoona alichofanya, na nadhani hata yeye alikiona wakati ule ule, maana tabasamu lilimbaki usoni bila kazi. Kwa kutaka nile mbele ya watu, alikuwa amefunga sahani za ukumbi mzima kwenye mdomo wangu. Mtu wa kwetu akishatangazwa kuwa ndiye mfungua chakula, humpiti. Akikataa kwa sababu ya kifo, ndio kabisa. Ukila wewe, umekula upande wa anayelaumiwa. Wote mle ndani walilijua hilo isipokuwa mwalimu Kitavi, ambaye kwao hayapo, na ambaye alikuwa ameshajipakulia mapema. Alikuwa ameuma paja la kuku. Akatazama kushoto, akatazama kulia, akalitoa mdomoni polepole akalirudisha kwenye sahani na kulifunika kwa karatasi.

"Millicent," Jackton akaita. "Pakua chakula."

Millicent alikuwa amesimama na mwiko. "Nimpakulie nani?"

"Watu."

"Umesema mwenyewe hakuna wa kugusa kabla yake. Mimi nitampitaje?"

"Hayo ni mambo ya kizamani. Tuko Nairobi."

"Ni hayo hayo ya kizamani ulikuwa umemtegea nayo, Jackton," Millicent akasema, na mwiko akautupa ndani ya sufuria. "Jibu mtu tule. Samaki nimeamka nao gizani, nina njaa kuliko wewe. Jibu."

Mtu akacheka nyuma, kisha mwingine akasema, "Jibu tule," na maneno hayo yakatembea viti kwa viti bila kelele, kama watu wanavyoitikia kanisani.

Madam Maureen akavua miwani. Nadhani alitaka kutuonyesha njia, kama mwalimu anavyofanya darasa likigoma. "Basi mimi nitaanza," akasema. Akakunja mikono ya blauzi, akanyoosha viganja ili anaweshwe. Msichana aliyekuwa na jagi na beseni karibu yake akasogea.

Alikuwa Awuor.

Niliinuka nusu nikakaa tena. Nilikumbuka kidato cha nne, nikakumbuka Jackton akitazama barabara. Nilitaka kumwambia mmwagie maji tu mwanangu, mmwagie, hii ni vita ya baba yako.

Awuor hakumwaga maji. Alisimama na jagi limeinama kidogo, karibu kumwagika.

"Madam," akasema, si kwa sauti kubwa, "siku ile nilikuja nikagonga ofisi yako. Ulikuwa kwenye simu. Nikasema mama ameanguka jikoni, naomba gari. Uliweka mkono juu ya simu ukaniambia tafuta bodaboda. Sikuuliza kitu, kwa sababu hatufundishwi kuuliza. Sasa nauliza. Gari lilikuwa wapi?"

Mimi mwenyewe nilikuwa sijaambiwa hilo la kugonga ofisi. Miezi minne alikuwa amelibeba, hata usiku wa jana yake alilala nalo kwenye kitanda kile, mita moja kutoka kwangu.

"Msichana," Jackton akasema, "unajua unaongea na nani?"

"Najua. Na nyinyi mnamjua mama yangu. Mnataka kumwandika ukutani."

Viganja vya Madam vilibaki vimenyooshwa, vikavu. Alimtazama Jackton. Jackton akatazama mlango. Mwishowe Madam akashusha mikono ya blauzi, akafunga kifungo, akafunga cha pili, akachukua mkoba. Walitoka kwa mlango wa pembeni. Tukasikia gari likiwashwa nje chini ya jakaranda. Liliwaka mara moja tu, bila shida yoyote. Gari zuri sana lile.

Hapo hata ungedhani tutakula. Hatukula. Jibu halikuwa limetoka. Millicent alifunika sufuria, na wanawake wakazibeba mpaka kituo cha watoto kilicho nyuma ya kanisa, ambako hakuna mtu aliyekuwa na kifo na mtu. Mwalimu Kitavi alibaki akisaidia kukunja viti. Aliponifikia alisema, "Mzee, pole, mimi sikujua." Nikamwambia nenda kamalizie kuku wako, wewe haikuhusu. Akasema hana njaa tena.

Muhula wa tatu ulipofunguliwa nilimwambia Awuor kuna shule zingine. Kuna ya kutwa hapa karibu na Kinoo, Dedan alikuwa amekubali kutuongelea. Alikuwa ameshafunga sanduku la bati.

"Nitarudi kule kule," akasema. "Nitakaa darasa lile lile. Wakitaka wanihamishe wao, waseme sababu."

Hawakumhamisha. Hawakumpa uongozi pia. Sasa yuko kidato cha nne na anasema amezoea walimu kumpita kama hawamwoni. Jiko jipya linapika, moshi unatoka, lakini pale juu ya mlango palipotayarishwa kwa jina pamefunikwa kwa gunia mpaka leo. Wapishi wanaliita jiko la Peres hivyo hivyo, na gunia lake.

Habari za kufunga shule bado zinaletwa Jamhuri. Mara mbili tangu hapo wametuma naibu wa mwalimu mkuu, peke yake, bila gari, akasoma ya mpira wa wavu na ya ndama. Mara zote mbili, alipofika mwisho na kuuliza kama kuna lolote lingine, si mimi niliyenyanyua mkono. Mara ya kwanza alikuwa Millicent. Mara ya pili alikuwa baba mmoja wa Kangemi ambaye hatujawahi hata kusalimiana. Naibu anasema atalifikisha swali kwa wakubwa. Na chakula hakipikwi tena, watu wanarudi kwao na njaa zao.

Dedan ananiambia nimeshinda. Anakaa kwenye sofa zangu akinieleza nilivyoshinda. Mimi sijui kushinda kukoje. Jackton bado ni mwenyekiti. Madam bado ni mwalimu mkuu, nasikia watampandisha cheo. Hao watu ukiwauliza kitu hawakasiriki hata, wanangoja tu uchoke. Mimi fundi wa sofa. Nakaa na msumari mmoja mpaka uingie.

Kwa hiyo narudia, kwa yeyote aliye na jibu, awe dereva, awe bawabu, awe mgeni aliyekalia viti vile. Asubuhi ile ya Alhamisi, Peres ameketi kando ya moto, chapati zinageuzwa, mtoto amesimama mlangoni mwa ofisi anagonga: gari la shule lilikuwa wapi?